Jinsi ya kufanya utafiti wa matatizo ya kujamiiana kwa dodoso la mtandaoni

Mwanaume mwenye tatizo la nguvu za kiume akiingia kwa daktari huanzia mbali. Mgongo unamsumbua, usingizi haupati, anachoka tu. Tatizo lenyewe hulitaja akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Mtu huyohuyo, akiwa peke yake na simu usiku, hujibu maswali ambayo hajawahi kumjibu mtu yeyote. Hilo limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 19: waliosikiliza maswali kwa vipokea sauti vya masikioni na kujibu kwenye kompyuta walikiri mambo ya siri mengi kuliko wenzao waliojaza karatasi.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kutumia mtandao katika fani hii. Gharama yake ni kwamba hujui aliyejibu ni nani, wala hujui wangapi waliiona linki yako wakaipita. Mtandao unakupa undani, haukupi idadi. Ukilishika hilo tangu siku ya kwanza utajikuta unachagua swali jingine, unatengeneza fomu nyingine, na unaandika ripoti nyingine kabisa.

Mwongozo huu ni kwa daktari, muuguzi au mwanafunzi wa uzamili anayeanza. Nitautumia mfano mmoja: utafiti wa wanaume wenye kisukari, wakaao mijini, wanaopata shida ya uume kusimama. Pale mambo ya wanawake yanapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Chagua swali ambalo mtandao unaweza kulijibu

Swali la kwanza linalomjia kila mtu ni "tatizo hili lina ukubwa gani?" Liache. Utafiti mashuhuri wa wanaume wa Massachusetts, uliokusanya taarifa kati ya 1987 na 1989, uliweza kusema kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hilo kwa kiwango fulani, kwa sababu wanaume wale waliteuliwa kwa bahati nasibu kutoka miji ya eneo la Boston. Wewe unatupa linki kwenye makundi ya WhatsApp. Atakayeifungua ni yule ambaye jambo linamgusa, mwenye bando, anayesoma vizuri, na ambaye hana mtu anayechungulia simu yake.

Usidhani kulipa kampuni yenye orodha kubwa ya wajibuji kutakuokoa. Uingereza walilinganisha madodoso ya mtandaoni ya kampuni kama hizo na utafiti wao wa kitaifa wa tabia za kujamiiana wa 2010 hadi 2012, na majibu mengi yalitofautiana.

Maswali yanayofaa ni ya namna hii: wanaume wenye kisukari wanaopata shida hii, nini kinawazuia kumwambia mtoa huduma? Waliokwisha kusema na ambao hawajasema wanatofautiana katika nini? Wanajitibu kwa nini kabla ya kufika kliniki? Utafiti ule wa Massachusetts ulionyesha kwamba wanaume wanaotibiwa kisukari walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kupoteza nguvu kabisa. Kwa hiyo kwamba tatizo lipo kunajulikana. Linalokosekana ni yanayotokea kati ya kitanda na kliniki.

Hatua ya 2: Chukua dodoso lililokwisha kupimwa, na ujue linapodanganya

Usitunge lako. Kwa wanaume kuna IIEF ya mwaka 1997, dodoso la kusimama kwa uume lenye maswali 15, na fupi yake ya maswali matano ya mwaka 1999, ambayo alama 21 kushuka chini huashiria tatizo. Kwa kuwahi kumwaga kuna PEDT, nayo ina maswali matano, na alama 11 kwenda juu huashiria tatizo. Kwa wanawake kuna FSFI ya mwaka 2000: maswali 19 katika maeneo sita, yaani hamu, msisimko, unyevu ukeni, kufika kileleni, kuridhika na maumivu. Ukomo wake unaotumika sana ni 26.55 kati ya 36, na chini ya hapo huashiria tatizo. Baadhi ya madodoso haya yana hakimiliki, basi omba ruhusa mapema, maana barua huchelewa.

Sasa angalia mahali ambapo tafiti nyingi huharibikia. Mchukue mama wa Mombasa ambaye mume wake anafanya kazi Muscat. Hajafanya tendo lolote kwa wiki nne, na FSFI inauliza wiki nne zilizopita tu. Kila eneo lina kizidisho chake. Hamu anayo: anapata 4 na 4, jumla yake mara 0.6, ni 4.8. Msisimko, unyevu, kileleni na maumivu, kote anaweka "sikufanya tendo", na jibu hilo hubeba sifuri. Katika kuridhika, swali moja ni sifuri kwa sababu hiyohiyo, mawili anajipa 5 na 5, mara 0.4, ni 4.0. Jumla 8.8. Kompyuta yako itamwandika kuwa mgonjwa mahututi, na mama wa watu hana tatizo lolote ila tiketi ya ndege.

IIEF ina mtego uleule. Dawa yake ni swali moja la kutangulia: "Katika wiki nne zilizopita, umewahi kufanya tendo la kujamiiana?" Anayejibu hapana aulizwe sababu: sina mwenza, mwenza yuko mbali, ugonjwa, sikutaka, niliogopa kushindwa. Jibu la mwisho lisikupite. Mwanaume aliyeacha kujaribu kwa kuogopa aibu ndiye hasa unayemtafuta, na ukifuta wote wenye sifuri utakuwa umemfuta yeye kwanza. Wa mwenza kuwa mbali hesabu alama zao kando, usiwachanganye.

Na kalenda nayo iangalie. Dodoso la wiki nne likitoka katikati ya Ramadhani au mara baada ya Idi, linapima mfungo pamoja na mwili.

Ukishapata alama, ongeza maswali yako mwenyewe ya mazingira. Kwenye swali la kujitibu, orodhesha vitu kwa majina ya mtaani: vidonge vya duka la dawa bila cheti, vumbi la Kongo, alkasusu, supu ya pweza, dawa ya mganga, na nafasi ya kuandika kingine. Ukiandika "tiba mbadala" peke yake, anayekunywa supu ya pweza kila jioni atajibu hapana kwa moyo safi, kwa sababu kwake hicho ni chakula.

Hatua ya 3: Tafsiri, kisha kaa na watu

Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, muwakutanishe mpate nakala moja, kisha mtu wa tatu ambaye hajaiona ya asili airudishe katika lugha ilikotoka. Taratibu hizo zimeandikwa kila mahali. Ambayo watu huiruka ni kazi inayofuata: kukaa na watu kama kumi wa kundi unalolilenga, wasome swali kwa sauti, halafu waseme kwa maneno yao wameulizwa nini.

Hapo ndipo utagundua kwamba kijana asiyeoa akiulizwa kuhusu "tendo la ndoa" anaweza kujibu kwamba halimhusu, na mwenye mke akalijibu kwa upande wa mke peke yake, yale ya nje akayaweka pembeni. Ukiandika "kujamiiana" unampata kila mtu, ila wengine wataona lugha ya kitabu. Suluhisho langu ni sentensi moja ya maelezo mwanzoni: katika maswali haya, tendo ni kukutana kimwili na mtu yeyote, uwe umeoa au hujaoa. "Jogoo hapandi mtungi" kila mtu Dar es Salaam anaielewa na anacheka, na kwa sababu anacheka usiiweke kwenye dodoso.

Vipimo vya majibu vitakusumbua zaidi ya maswali. Tofauti ya "mara nyingi, zaidi ya nusu" na "karibu kila mara" haimwingii mtu haraka. Waulize wajaribuji wako: kati ya mara kumi, hii ni ngapi? Wakitoa namba ileile kwa majibu mawili tofauti, badilisha maneno. Mwishoni pima uwiano wa ndani, yaani jinsi majibu ya maswali ya dodoso moja yanavyokwenda pamoja, kwa kipimo kiitwacho alfa ya Cronbach, ambapo 0.7 ndiyo mstari unaokubalika kwa kawaida. Lakini alfa nzuri haithibitishi kwamba watu wameelewa. Watu wanaweza kukosea wote kwa pamoja.

Hatua ya 4: Vibali na sheria ya taarifa

Kwamba fomu iko mtandaoni hakukuondolei kibali. Tanzania Bara unapita kamati ya maadili ya chuo chako au ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya unahitaji kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Linki haina mpaka, basi kama unakusudia nchi moja, uliza nchi mwanzoni na umalizie hapo kwa wa nje.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za maisha ya kujamiiana zinahitaji uangalizi wa ziada, na kuna masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Seva za fomu nyingi za bure ziko nje, kwa hiyo liandike hilo kwenye maombi yako kabla kamati haijakuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo nalisema waziwazi. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina sheria zinazofanya mahusiano ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, na Uganda iliongeza ukali mwaka 2023. Swali la jinsia ya mwenza si swali dogo hapa. Kama lengo lako halilihitaji, liondoe. Kama linalihitaji, usikusanye chochote kinachoweza kumrudia mjibuji: si namba ya simu, si barua pepe, si mtaa.

Ukurasa wa ridhaa uwe mfupi, usomeke kwenye simu bila kuteremsha mara tano. Mwambie ukweli kuhusu kujitoa: akishatuma jibu lisilo na jina, huwezi kulitafuta ukalifuta.

Hatua ya 5: Tengeneza fomu kwa ajili ya simu ya mtu anayeishi na watu

Kati ya programu za kutengenezea fomu, REDCap ni nzuri kama taasisi yako inayo. KoboToolbox na LimeSurvey zinatosha. Fomu za Google ni rahisi, lakini ukiwasha kizuizi cha jibu moja kwa mtu, mjibuji analazimika kuingia kwa akaunti yake, na hapo wengi watageuza njia hata kama wewe huioni anwani yao.

Fungua linki yako mwenyewe ndani ya WhatsApp kabla ya kuituma. Utaona inatoka na kijisanduku chenye kichwa cha fomu. Kama kichwa ni "Utafiti wa upungufu wa nguvu za kiume", umemwandikia mtu tangazo juu ya simu yake. Andika "Utafiti wa afya ya watu wazima", kisha ueleze mada kamili kwenye ukurasa wa ndani, kabla ya ridhaa.

Swali moja kwa skrini. Yale majedwali yenye safu sita hayakai kwenye kioo kidogo, na mtu hujaza safu moja kuanzia juu hadi chini ili amalize. Usiweke picha, bando si mali ya bure. Weka kitufe cha kutoka haraka kinachopeleka kwenye ukurasa wa kawaida kama wa habari, maana simu nyingi majumbani huchukuliwa na kusomwa na mwenza. Usiruhusu "hifadhi, endelea baadaye", kwa sababu anayeendelea baadaye anaweza kuwa mtu mwingine.

Anza na umri, miaka ya kisukari na dawa anazotumia, ingia kwenye kujamiiana katikati, toka na maswali mepesi. Usilazimishe jibu hata moja isipokuwa umri na ridhaa. Kila swali la siri liwe na "sipendi kujibu", ili baadaye ujue aliyekataa ni yupi na aliyesahau ni yupi.

Ukurasa wa mwisho ni wa msaada, na uonekane hata kwa anayeacha njiani. Mwanaume mwenye kisukari anayepata shida ya kusimama anaweza kuwa na ugonjwa wa mishipa unaoanza: mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huziba mapema. Mwandikie aende kupimwa shinikizo la damu, sukari na mafuta. Mwandikie pia kwamba anayetumia dawa za naitreti za moyo asimeze sildenafili (Viagra), kwani shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Wapo watakaokueleza kwenye nafasi za wazi kwamba wamebakwa au wanapigwa, nawe hutaweza kuwatafuta. Waandikie pa kwenda: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kwa Tanzania, namba 1195 kwa Kenya, na kliniki iliyokubali kuwapokea.

Hatua ya 6: Sambaza, na uwe mgumu kwenye zawadi

Tengeneza linki tofauti kwa kila njia: moja ya kliniki ya kisukari kwenye bango lenye msimbo wa kuskani, moja ya kundi la wagonjwa, moja ya Facebook. Usipofanya hivyo hutajua nani ametoka wapi. Epuka makundi ya ukoo. Mtu hawezi kufungua kitu cha namna hii akijua shangazi kakiona, na akikifungua atajibu kwa adabu.

Fedha ndiyo inayoharibu. Ukitangaza hadharani kwamba kila anayejibu anapata vocha, asubuhi utakuta mamia ya majibu yaliyoingia usiku kwa mpigo. Na kulipa kwa M-Pesa kunahitaji namba, namba inaleta jina, na siri uliyoahidi imekwisha. Ukiona lazima ulipe, basi fomu ya malipo iwe nyingine kabisa, isiyounganishwa na majibu, na zawadi isitajwe kwenye tangazo la wazi.

Kuhusu idadi ya watu: ile 384 inayonakiliwa kwenye kila tasnifu ni ya kukadiria asilimia kwa sampuli ya bahati nasibu, kwa kosa la asilimia 5. Wewe huna sampuli hiyo. Kokotoa idadi kwa ulinganisho unaotaka kuufanya, kwa mfano waliosema na wasiosema, kisha ongeza kwa ajili ya majibu utakayoyatupa.

Hatua ya 7: Safisha kwa kanuni ulizoziandika kabla

Andika kanuni za kuondoa majibu kabla hujafungua data, na uzisajili mahali penye tarehe. Ukizitunga ukiwa unaangalia majibu utaondoa yale usiyoyapenda.

Angalia muda: hakuna anayesoma maswali 40 kwa sekunde 60. Uliza umri mwanzoni na mwaka wa kuzaliwa mwishoni, ulinganishe. Weka swali lililofichwa ambalo mtu halioni ila roboti hulijaza. Soma majibu ya wazi moja baada ya jingine, kwani mtu aliyenunua dawa kweli atakutajia duka la jirani au muuzaji wa stendi, wakati tapeli ataandika aya nadhifu isiyo na mahali. Siku hizi aya nadhifu zimekuwa nyingi.

Lakini usimfute mtu kwa sababu ya anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa mtandao, peke yake. Mitandao ya simu hugawana anwani moja kwa wateja wengi, na ukiitumia kama kitambulisho utawatupa watu wa kweli na kumbakiza tapeli mwenye laini tano. Ukishamaliza kusafisha, futa IP na saa za kujibu. Umri geuza makundi, mji geuza mkoa. Mwaka 2000 Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu. Mwanaume wa miaka 47, mwalimu, mwenye kisukari, wa wilaya ndogo, hahitaji hata hivyo vitatu.

Hatua ya 8: Andika ulichokipata, si zaidi

Fuata orodha ya CHERRIES ya mwaka 2004, iliyotungwa kwa ajili ya madodoso ya mtandaoni. Inataka useme waliofungua ukurasa ni wangapi, kati yao waliokubali ni wangapi, na kati ya waliokubali waliomaliza ni wangapi. Onyesha pia watu waliachia swali gani. Kama theluthi wanaacha palepale kwenye swali la kileleni, hayo nayo ni matokeo.

Kwenye maandishi yako sema "kati ya waliojibu" kila mara, hata kama inachosha. Jedwali lenye kisanduku cha watu chini ya watano kiunganishe na kingine.

Kisha jiandae kwa simu ya mwandishi wa habari, maana mada hii haikosi mteja. Atauliza asilimia ngapi ya wanaume wa Dar es Salaam hawana nguvu. Weka jibu tayari kwenye karatasi, ulisome kama lilivyo: "Utafiti wetu haukupima hilo. Tuliwauliza wanaume wenye kisukari waliochagua kujibu, na tulichojifunza ni kwa nini wengine hawamwambii daktari." Atauliza tena kwa namna nyingine. Msomee tena.